Ukumbi Uliofumba Macho

Kwa hesabu ya Tudur Rowlands, Ithel Bebb amekwisha kufa mara kumi na nne. Mara tatu alifia mgodini, mara mbili vitani, mara moja alinyongwa kwa kosa la kuiba kondoo, na vifo vilivyobaki viligawanywa kati ya kifua kikuu, bahari na pombe. Tudur alilipua miamba ya vigae kwa baruti machimboni kwa miaka thelathini, na siku hizi anatunza ukumbi wa kijiji cha Kiwelshi cha Rhyd-y-Garn. Filamu za rafiki yake huzitazama kila zinaporudiwa kwenye televisheni, na asubuhi yake humngoja nje ya duka.

"Umekufa tena jana," humwambia.

"Safari hii nilikufaje?"

"Vibaya, na kwa muda mrefu. Mke wangu aliondoka kwenda kutia chai, akarudi na kikombe chake, wewe bado unakufa."

"Mwongozaji alikuwa Mwingereza. Alipenda Mwelshi afe polepole."

Huko ndiko kusifiwa kwa Rhyd-y-Garn. Mtu hasifiwi usoni. Anachokozwa, na akichokozwa kila siku ajue anapendwa. Ithel ana miaka sabini na saba. Jina lake limewahi kuandikwa kwa taa juu ya milango ya kumbi za London, lakini hapa hakuna anayemwita Bebb. Yeye ni Ithel Mkate, kwa sababu baba yake alikuwa mwokaji, kama Tudur alivyokuwa Tudur Baruti hadi alipostaafu na kuwa Tudur Ukumbi. Majina ya ukoo hayatoshi katika bonde lile, kwa hiyo kazi ndiyo hutenganisha watu.

Kazi ya Ithel ilianza kanisani. Kila Jumapili watoto walisimama mstari mmoja mbele ya kiti cha wazee wa kanisa, na kila mmoja akasema aya aliyoihifadhi wiki ile. Aliyekuwa amecheza mpira wiki nzima asijifunze kitu alisema, "Mungu ni upendo," maneno matatu, akaketi huku kanisa zima likijua kwa nini amechagua aya hiyo. Ithel hakuwahi kuikimbilia aya hiyo hata mara moja. Alipokuwa na miaka sita alisimama akaanza zaburi, akafika aya ya kumi, akafika ya ishirini, mpaka mchungaji akamgusa bega na kumwambia inatosha, mwanangu, wenzako nao wana aya zao. Mchana ule, mezani, baba yake alikata kile kipande cha mwisho cha mkate chenye ganda gumu, kilichokuwa chake siku zote, akakiweka kwenye sahani ya mtoto.

Yaliyofuata ni rahisi kuyasimulia kuliko ilivyokuwa kuyaishi. Alishinda mashindano ya kughani mashairi kwenye eisteddfod, yale matamasha ya mashairi na nyimbo, za vijiji kisha za wilaya. Akaenda chuo cha ualimu, akafundisha miaka miwili, akaacha. Akaingia kwenye kundi la maigizo lililozunguka kwa lori, baadaye London miaka kumi na moja, ambako alianza kwa kumpelekea mfalme barua jukwaani na akamaliza akiwa mfalme mwenyewe. Zikaja filamu na vile vifo vyake. Ikaja tuzo ya shaba, nzito, ambayo mkewe Menna huitumia kuzuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Mwishowe akarudi nyumbani, na kwa miaka kumi na tisa akaigiza katika tamthilia ya televisheni ya Kiwelshi kama mwenye duka mchoyo, hata wageni waliomkuta dukani akinunua siagi walimuuliza bei yake.

Wenzake wa kazi walimheshimu kwa jambo moja lililo chini ya hayo yote: hakusahau. Alifika siku ya kwanza ya mazoezi na mchezo mzima kichwani, maneno yake na ya wengine. Mwigizaji aliyekwama akiwa karibu na Ithel hakuaibika, maana Ithel alilichukua neno lililompotea mwenzake, akalifunga ndani ya sentensi yake mwenyewe na kumrudishia, na watazamaji wakadhani ndivyo ilivyoandikwa.

Majira ya baridi yaliyopita alikubali mchezo mmoja zaidi. Heledd Wynne, mwongozaji mwenye miaka arobaini na gari dogo lililojaa nyaya za taa, alikuwa akiupeleka katika kumbi saba za vijiji. Mchezo wenyewe unamhusu mchungaji mzee ambaye kanisa lake linafungwa na lazima ahame nyumba. Ulianza saa tisa alasiri kila mahali, kwa sababu wazee hawapendi kuendesha gari gizani. Katika ukumbi wa kwanza Ithel alikuwa Ithel. Katika wa pili aliuliza swali moja mara mbili. Katika wa tatu aliruka kurasa mbili nzima, na Mabli, msichana aliyeigiza binti yake, ikabidi aanze kulia kabla hajaambiwa habari ya kumliza.

Wakati wa kurudi Heledd alimpakia kwenye gari lake peke yake. Mvua ilikuwa ikipiga kioo.

"Mzee Ithel, nataka kukuuliza kitu, na sitaki kukuvunjia heshima."

"Ukianza hivyo heshima imeshavunjika, mwanangu. Uliza."

"Ni uchovu tu?"

"Ni uchovu."

"Kwa sababu ikitokea tena, itabidi Iorwerth achukue nafasi. Amejifunza maneno yote."

Iorwerth alikuwa mtu wa makamo aliyeigiza daktari, mwenye sentensi sita.

"Amejifunza tangu lini?" Ithel aliuliza.

Heledd alipunguza mwendo kuwapisha kondoo wawili waliokuwa wamesimama katikati ya barabara kama wenye shamba. "Tangu wiki ya kwanza ya mazoezi," alisema.

Ithel aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kuigiza wafalme waliopinduliwa, na alijua kwamba daima wao ndio wa mwisho kupata habari.

Ukumbi wa nne ulipita salama. Wa tano ulikuwa wa Rhyd-y-Garn wenyewe, siku ya Jumamosi. Ithel hakutaka tuzo nyingine wala makala nyingine gazetini. Alitaka kumaliza kumbi saba kwa miguu yake mwenyewe, na kuliko zote alitaka kuumaliza huu wa tano, mbele ya watu waliomwona akisimama kwenye ule mstari wa watoto. Kama lazima asahau mahali, asisahau hapo. Hilo tu.

Kila asubuhi ya wiki ile Menna aliegemeza kitabu cha mchezo kwenye birika la chai, akavaa miwani, akasoma maneno ya watu wengine wote kwa sauti moja, ile ya kusoma orodha ya vitu vya kununua. Wameoana miaka arobaini na nane. Yeye alikuwa mkunga wa bonde lile, na anasema kazi zote mbili zinafanana: unakaa pembeni, unamwambia mtu aendelee.

Penye shida palikuwa sehemu ya pili, mchungaji anapomkabidhi binti yake funguo za kanisa. Funguo ziko saba. Anazitoa moja moja, na kila ufunguo ana neno la kuusemea. Ithel alifika wa tatu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Kwenye wa nne, ngazi haikuwepo.

"'Na huu, baba?'" Menna alisoma.

"Na huu... Usiniambie."

"Sikuambii."

Chai ilipoa. Ithel aliangalia dirishani, kisha kwenye mlango na ile tuzo yake ya shaba.

"Niambie."

"'Huu ni wa kabati la vikombe.'"

"Wa kabati la vikombe. 'Vikombe mia mbili, na siku ya mafuriko havikutosha.'"

"Unaona, unajua."

"Najua ukishaniambia, Menna. Hata Tudur anajua akishaambiwa."

Walirudia mara tisa. Mara ya kumi Menna alivua miwani akasugua macho. "Mimi nimechoka, bwana wee. Wewe hujachoka?"

"Nimechoka tangu mwaka wa themanini na nne."

"Basi mwambie Heledd."

"Baada ya Jumamosi."

Walikubaliana kwamba Menna atakaa nyuma ya pazia upande wa kushoto na kitabu mkononi, na Ithel akikwama atamnong'oneza. Heledd aliruhusu. Menna alizoea kunong'ona wanawake wakiwa katika uchungu. Alikuwa na mnong'ono unaopenya ukuta. Mpango ulikuwa mzuri, na wote wawili waliusifu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kifaa cha sikioni kinachomsaidia Ithel kusikia hupiga mluzi chini ya wigi, na kwamba kila siku, dakika tano kabla ya kupanda jukwaani, hukitoa na kukitia mfukoni.

Jumamosi Tudur aliwasha boila tangu asubuhi na kupanga viti mia moja na themanini. Saa nane na nusu vilikuwa vimejaa. Ukumbi ulinuka makoti ya sufu yaliyolowa. Watu wa Rhyd-y-Garn hawakuja kumpigia makofi Ithel Mkate. Walikuja kumkagua, kama mtu anavyokwenda kuona ukuta uliojengwa na jirani. Safu ya pili walikaa wanawake watatu waliosimama naye kwenye ule mstari. Mmoja alikuwa ameleta ufumaji.

Sehemu ya kwanza alikuwa na nguvu. Kulikuwa na kicheko pahali pa kicheko. Yule mwanamke aliweka ufumaji wake chini, na wakati wa mapumziko Tudur alipita nyuma ya jukwaa kusema kwamba mpaka sasa hajafa, na watu wameanza kuwa na wasiwasi.

Sehemu ya pili akatoa funguo. Wa kwanza, wa mlango mkubwa. Wa pili, wa mnara. Wa tatu, wa chumba cha mchungaji, ambamo hakuna kilichowahi kuibwa ila muda. Watu walicheka kidogo. Mabli alinyoosha mkono.

"Na huu, baba?"

Ithel aliutazama ufunguo. Ulikuwa ufunguo mdogo, wa shaba, na haukuwa wa kitu chochote.

Aligeuza macho kushoto. Nyuma ya pazia midomo ya Menna ilikuwa ikitembea. Aliiona vizuri, ikifunguka na kufungika kama ya samaki, na hakusikia kitu. Ndipo alipokikumbuka kifaa kilichokuwa mfukoni. Mabli alirudia, "Na huu, baba?" na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, si ya binti wa mchungaji. Mtu alikohoa. Boila ilinguruma chini ya sakafu. Ithel alisimama na ufunguo wake, na jasho likamteremka chini ya wigi mpaka kwenye kola. Ukimya wa jukwaani una urefu wake unaojulikana, na mtu aliyefanya kazi ile miaka hamsini na tatu huupima bila saa. Huu ulikuwa unakaribia mahali ambapo watazamaji huanza kumhurumia mtu.

Ithel aliinua mkono wa kulia, kiganja kikiwaelekea watu.

"Tuombe," alisema.

Watu mia moja na themanini waliinamisha vichwa na kufumba macho. Hakuna aliyefikiri kwanza. Mtu aliyelelewa Rhyd-y-Garn akilisikia neno lile kutoka kwa mtu mwenye kola nyeupe, shingo yake hujiinamia yenyewe, na haijali kama mwenye shingo anaamini au la, wala kama amelipa kiingilio. Waliinama wafugaji wa kondoo, waliinama walimu waliostaafu, aliinama mwenye baa ambaye hakanyagi kanisani ila kwenye mazishi. Mabli, ambaye hata nje ya mchezo ni binti wa mchungaji, aliinama kuliko wote.

Na Ithel akaomba. Maneno yalitoka yenyewe, mazee, ya Kiwelshi kizito cha kanisani, Bwana unayejua kuingia kwetu na kutoka kwetu, unayejua kuinuka kwetu kabla ya jogoo, na huku kinywa kikisema miguu yake ilikuwa ikitembea. Hatua nne mpaka kwenye pazia. Menna alikuwa ndiye mtu pekee mwenye macho wazi. Alikielekeza kitabu kwenye mwanga na kuweka kidole chini ya mstari. Ithel alisoma mara moja, akasoma mara ya pili, akaomba neema kwa walio wagonjwa na walio mbali, akarudi hatua nne.

"Amina."

"Amina," ukumbi ukajibu, na macho yakafumbuka, na mchungaji alikuwa pale pale alipoachwa.

"Huu," alimwambia binti yake, "ni wa kabati la vikombe."

Walisimama kumpigia makofi. Huko watu husimama kwa ajili ya wimbo wa kanisa na kwa ajili ya jeneza, na hata Tudur alisema baadaye kwamba hajui ni kipi kati ya hivyo viwili kilichowasimamisha. Wanawake wa safu ya pili walikuwa wakifuta macho.

Katika chumba cha nyuma palikuwa na chai, mikate ya nyama ya nguruwe, na mkate wa zabibu kavu uliopakwa siagi. Ithel alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa bado na kola yake. Watu walipita wakimshika bega. Tudur alikuja na sahani mbili, akampa moja.

"Hukunieleza kwamba utamleta mzee."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Ile sala. Ilikuwa yake neno kwa neno, Ithel, acha mzaha. Mkutano wa maombi wa Alhamisi, yeye amepiga magoti pale pembeni na unga bado umo masikioni. 'Unayejua kuinuka kwetu kabla ya jogoo.' Nani mwingine angeomba hivyo ila mwokaji?"

Ithel alitazama mkate ulio kwenye sahani. Hakuwa na habari hiyo. Alikuwa ameingiza mkono gizani akachukua kilicho karibu.

"Watu walimkumbuka," Tudur alisema. "Mimi mwenyewe nilimkumbuka. Kula."

Nyumba iko dakika sita kutoka ukumbini. Walitembea chini ya mwavuli mmoja, Menna akiwa na kitabu ndani ya koti.

"Wamefurahi," alisema.

"Wamefurahi."

"Basi mbona uso huo?"

"Nimesimama mbele ya watu wamefumba macho, Menna, nikawaibia."

"Umewaibia nini?"

Alitembea mpaka kwenye taa ya pili kabla ya kujibu. "Sijui. Lakini nilikuwa nikitembea kwa kunyata."

Jumatatu asubuhi Heledd alikuja nyumbani. Hakukaa, alizunguka jikoni na koti lake lenye maji huku Menna akimenya viazi vya supu ya kondoo. Mtu wa televisheni alikuwa ukumbini Jumamosi, alisema, ameketi safu ya nyuma bila kujitambulisha. Walitaka kuurekodi mchezo mwezi wa tatu, Rhyd-y-Garn, na watazamaji wale wale. Juu ya hapo kumbi kumi nyingine zilikuwa zimepiga simu.

"Na wote wanauliza habari ya ile sala," alisema. "Mzee Ithel, mimi nilikuwa nyuma kabisa kwenye taa. Sijaingia kanisani tangu mazishi ya nyanya yangu. Nilifumba macho. Nikajikuta nimefumba macho na mkono uko kwenye swichi. Uliipanga lini ile?"

"Sikuipanga."

"Basi ibaki. Ibaki kama ilivyo." Alitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua penye ukurasa mweupe, akaliweka mezani mbele ya Ithel pamoja na kalamu. "Niandikie tu, nimpe Mabli ajue inaanzia wapi na kuishia wapi."

Ithel aliichukua kalamu. Aliandika maneno mawili, Bwana unayejua. Kisha kalamu ikasimama. Menna aliendelea kumenya, lakini polepole zaidi, na ganda la kiazi likazidi kurefuka bila kukatika. Kulikuwa na kumbi mbili bado, na kumi, na televisheni. Angeweza kusema ataandika kesho. Angeweza kumwendea Tudur, ambaye alikuwa na sala yote kichwani, akamwomba amtajie. Kisha angehitaji kuihifadhi, asubuhi baada ya asubuhi, birika likipoa, na siku moja angesema tuombe, watu wakafumba macho, na ngazi isiwepo pale pia.

Alifunika kalamu.

"Nilisahau, Heledd."

"Si kitu, ikikujia baadaye..."

"Nilisahau Jumamosi. Ufunguo wa nne. Sikuwa na neno lolote kichwani. Nilisema tuombe ili mfumbe macho, nikaenda kwenye pazia nikasoma kitabu. Muulize huyu hapa."

Heledd alimtazama Menna. Menna alikata ganda la kiazi.

"Hatua nne kwenda, nne kurudi," Menna alisema. "Nilikuwa nimeshika kitabu."

Sasa Heledd aliketi, na koti lake likadondosha maji sakafuni. Kwa muda kidogo alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Hakuna aliyeona," alisema. "Mzee, hakuna aliyeona hata mmoja."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Kwa hiyo Ijumaa..."

"Ijumaa Iorwerth. Yuko tayari tangu wiki ya kwanza." Hakulisema kwa uchungu. Lilikuwa jambo la ratiba. "Mwambie ufunguo wa tatu asiuharakishe, kicheko kiko pale."

"Na sala?"

"Asiombe. Iorwerth akisahau, asimame pale kama mtu aliyesahau."

Heledd alirudisha daftari mkobani. Mlangoni aligeuka, mkono kwenye kitasa. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa na swali moja zaidi. "Watu nitawaambia nini?"

Ithel alikuwa amemwambia ukweli mtu mmoja asubuhi ile, na hakuwa na nguvu ya kumwambia wa pili.

"Goti," Menna alisema, akitupa kiazi majini. "Sema ni goti."

Gazeti la wilaya liliandika mistari minne: baada ya miaka hamsini na tatu jukwaani, mwigizaji mashuhuri anapumzika kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya goti. Iorwerth alimaliza kumbi mbili bila kosa. Walisema ana sauti nzuri, na kwamba si Ithel. Mpango wa televisheni ukafa polepole bila mtu kuuzika.

Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuchoka kuigiza akajikuta anaigiza kila siku. Haiwezekani kupanda mlima wa Rhyd-y-Garn na goti bovu bila kuchechemea. Menna alimtafutia fimbo. Mwanamke mwenye ufumaji alimletea chupa ya mafuta ya bata bukini, akamwagiza ajipake asubuhi na jioni, na kesho yake akarudi kunusa kama amejipaka. Mwenye baa alikuwa na binamu aliyewekewa goti la chuma na sasa anapanda milima. Ithel alisikiliza yote, akashukuru, akachechemea mpaka kwenye kona ya nyumba yake, na hata kwenye kona hakuwa na uhakika, kwa sababu mbele ya kona kuna dirisha la jirani, Bibi Prosser. Jukwaani angepewa mapumziko ya robo saa katikati.

Jumapili ya tatu mchungaji aliwataja wagonjwa wa bonde kabla ya maombi, na katikati yao akataja goti la ndugu yetu Ithel. Vichwa viliinama. Ithel naye aliinama, akafumba macho, akasikia watu themanini wakimwombea kwa dhati kiungo chake kilicho kizima kabisa. Aliwaza kwamba huenda hii ndiyo bei yake, na kwamba ni ya haki, na kwamba angependa kulala.

Walipotoka mvua ilikuwa imekatika. Watu walisimama makundi makundi kwenye lango wakiulizana habari ya kondoo. Ithel aliagana nao, akashika fimbo, akaanza kuupanda mlima huku Tudur akimfuata, mikono nyuma. Hawakuwa wamefika mbali Tudur alipomkaribia bega kwa bega.

"Ithel."

"Nini?"

Tudur hakumtazama. Alikuwa anaangalia barabara, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha.

"Jana goti lilikuwa la kushoto," alisema.

Ithel alisimama. Nyuma yao, langoni, watu walikuwa bado wanazungumza, na baadhi yao walikuwa wameelekea upande wao. Alitazama miguu yake yote miwili, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliomwambia kitu.

"Una hakika?"

"La kushoto. Tangu mwanzo."

Alihamisha fimbo, akauburuta mguu wa kushoto kidogo, akaendelea kupanda. Tudur alipunguza mwendo wake ili walingane.